Waliwezaje kujificha kambini? Jibu kwa msomaji wa Kadutu

"Mwalimu, jambo sana. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nakaa Kadutu, hapa Bukavu. Kwenye simu zetu ilizunguka picha ya mwanamke wa Marekani ambaye zamani alivaa nguo za kiume, akajipa jina la mwanamume na kupigana vita mpaka ikaisha. Darasani tulibishana sana. Kaka yangu anasema hizo ni hadithi za wazungu, haiwezekani. Mimi nauliza: mtu analala na wanaume miaka miwili, mitatu, wasimjue? Anaoga wapi? Siku zake zikifika anafanyaje? Daktari wa jeshi hamwoni? Na kwetu Kongo, walikuwapo?"

Mwanangu, nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa mtu wa uuguzi, kwa sababu nusu ya jibu lake iko hospitalini. Kaka yako ana haki ya kutilia shaka. Hadithi nyingi za aina hii zimetiwa chumvi, na wapo waliozitembeza mjini ili wapate riziki. Lakini hazikusimama juu ya masimulizi matupu. Yapo madaftari ya mishahara ya askari, yapo mafaili ya hospitali, na zaidi ya yote yapo mafaili ya pensheni, ambamo serikali isiyopenda kutoa pesa bure ilituma watu kuhoji mashahidi kwa kiapo. Mimi katika kazi yangu naamini sana karatasi ambayo mtu alilazimika kulipa kwa sababu yake.

Nianze na daktari. Wewe unafikiria upimaji wa leo: mtu anavua, anapanda mizani, anatolewa damu. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, kanuni nazo zilitaka kila anayejiandikisha akaguliwe bila nguo. Hiyo ni kanuni. Sasa chukua siku ambayo watu mia wamepanga foleni, kila kapteni anataka kujaza kikosi chake kabla ya jioni, na daktari ni mmoja. Alitazama meno ya mbele, kwa sababu risasi na baruti vilifungwa pamoja ndani ya karatasi, na askari alikuwa anairarua karatasi ile kwa meno kabla ya kushindilia bunduki. Akatazama vidole, hasa kidole cha shahada. Fungua mdomo, nyoosha mkono, tembea kidogo, haya pita. Mwenye meno na vidole alihesabiwa mzima.

Jina nalo halikuwa shida. Leo hapa Bukavu hata kusajili laini ya simu unaombwa kadi ya mpiga kura. Wakati ule hakukuwa na kitambulisho; ulisema unaitwa nani, karani akaandika, na kuanzia dakika ile ukawa huyo. Jeshi lilijaa wavulana wa miaka 16 na 17 waliodanganya umri, wasio na ndevu, sauti zao bado nyembamba. Mwanamke wa miaka 20 aliyenyoa nywele alipoingia katika safu ile hakuonekana mwanamke. Alionekana mtoto aliyetoroka kwao, na watoto wa namna hiyo walikuwa tele.

Hapo kuna jambo ambalo kizazi chenu hamlihisi kwa urahisi, kwa kuwa mmekua mkiona wasichana wamevaa pantaloni kuanzia Nyawera mpaka Panzi na hakuna anayegeuka kutazama. Katika dunia ile, nguo ndiyo iliyokuwa jinsia ya mtu machoni pa watu. Mwanamke alikuwa gauni hadi kwenye vifundo vya miguu. Aliyevaa suruali alikuwa mwanamume, basi, macho hayakuendelea kuchunguza. Serikali zenyewe zililijua hilo. Mjini Paris polisi walitoa amri mwaka 1800 kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kiume aombe ruhusa kwao kwanza, na amri hiyo ilitangazwa rasmi kuwa haina nguvu tena mwaka 2013 tu. Usiwacheke Wafaransa haraka: waulize mama zako wakubwa ilivyokuwa kuvaa pantaloni wakati wa Mobutu, enzi za oténtisité, siasa yake ya kurudi kwenye mila za Kiafrika.

Sasa tuingie kambini. Ulichouliza kuhusu kuoga ni rahisi: walioga kwa nadra sana. Askari wa karne ya 18 na 19 alilala na nguo zake, akaamka nazo, akatembea nazo wiki nzima. Sare zilikuwa pana, zilishonwa kwa saizi chache tu, na zilimning'inia kila mtu. Choo kilikuwa handaki refu lenye gogo la kukalia juu yake, na harufu yake ilikuwa ya kumfukuza hata mwenye njaa. Askari wengi walikwepa handaki hilo wakaenda vichakani, mpaka maofisa wakalalamika kwa sababu ya maradhi. Kwa hiyo aliyejitenga akaenda porini peke yake hakuwa wa ajabu.

Kuhusu hedhi, wewe unaweza kunifundisha mimi. Mtu anayekula biskuti ngumu na nyama ya chumvi, anayetembea kutwa na mzigo mgongoni, anayelala kwa hofu: kwa wengi damu husimama yenyewe. Ikija, kambi nzima ina vitambaa vyenye damu. Huyu ana jeraha, yule anahara damu, wa tatu kiatu kimemchuna. Nani atauliza?

Tena siri haikuwa lazima iwe ya mtu mmoja. Baadhi yao waliingia pamoja na mume au kaka, na wengine waligunduliwa na rafiki wa hema moja aliyeamua kunyamaza. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa vita hiyo ya Marekani ni wanawake 400 hivi, kati ya askari karibu milioni 3 wa pande zote mbili. Ni wachache mno, na kaka yako ana uhuru wa kusema hivyo. Ila kumbuka hesabu hii inatokana na waliojulikana. Aliyefaulu kabisa hayumo.

Nitakupa mmoja ambaye karibu asiwemo. Sarah Rosetta Wakeman alikuwa binti mkubwa wa mkulima wa jimbo la New York, familia yenye watoto wengi na madeni. Mwaka 1862 aliondoka nyumbani akiwa amevaa kiume, akapata kazi kwenye mashua za mfereji. Hapo akakutana na watu wa kuandikisha askari. Alijiunga na kikosi cha 153 cha New York kwa jina la Lyons Wakeman, akapokea zaidi ya dola 150 za kujiandikisha papo hapo, na baada ya hapo dola 13 kila mwezi. Mtumishi wa ndani wa kike mara nyingi hakufikia hata nusu ya mshahara huo. Unaona sasa. Watu wanapenda kusema hawa walikwenda kwa mapenzi, wakimfuata mchumba, au kwa uzalendo. Wapo. Lakini soma barua zake kwa wazazi: pesa nimetuma, zimefika? Nunueni kitu fulani. Anaandika kama kijana yeyote wa hapa kwetu aliyekwenda kwenye machimbo ya Kamituga.

Alilinda jiji la Washington, kisha mwaka 1864 akapelekwa Louisiana, akapigana, wakatembea mamia ya kilomita katika joto na maji machafu. Akaanza kuhara. Alifia hospitalini New Orleans mwezi Juni 1864 baada ya kulala wiki kadhaa mikononi mwa wauguzi, na hakuna karatasi ya hospitali inayosema kwamba mgonjwa yule alikuwa mwanamke. Ama hawakuona, ama waliona wakanyamaza. Wewe unayejifunza kumgeuza mgonjwa na kumbadilisha shuka, niambie lipi linaaminika zaidi. Kaburi lake liko katika makaburi ya askari ya Chalmette na jiwe limeandikwa Lyons Wakeman. Tunamjua kwa sababu ndugu zake walitunza barua zile nyumbani zaidi ya miaka mia moja. Zingeliwa na panya, angebaki mwanamume milele.

Kwa kawaida mwisho wa siri ulikuwa jeraha au homa. Deborah Sampson wa Massachusetts aliingia katika jeshi la George Washington mwaka 1782, wakati Wamarekani wanapigania uhuru dhidi ya Uingereza, kwa jina la Robert Shurtliff. Inasimuliwa kwamba alipopigwa risasi ya paja alimwonyesha daktari jeraha lingine tu, la kichwani, kisha akajificha na kuitoa risasi ya pajani mwenyewe kwa kisu kidogo na sindano. Fikiria maumivu hayo, bila ganzi, huku unajizuia usipige kelele kwa sababu kelele ndiyo itakayomwita daktari. Risasi haikumshinda. Kilichomshinda ni homa, mwaka uliofuata, huko Philadelphia: akazimia, daktari akataka kusikiliza moyo, akakuta kitambaa kimefungwa kifuani kwa nguvu. Daktari huyo, Barnabas Binney, hakupiga mbiu wodini. Alimhamishia nyumbani kwake, akamtibu mpaka akapona, ndipo taarifa ikapelekwa kwa jenerali kwa barua. Oktoba 1783 aliachiliwa kwa heshima. Nakuomba ulikumbuke jina la Binney utakapovaa kanzu yako nyeupe.

Wengine walitoka kwa njia nyingine. Koplo mmoja wa kikosi cha New Jersey alijifungua mtoto Januari 1863 kambini Virginia, na wenzake wakaandika barua nyumbani wakiwa bado wanashangaa. Sarah Emma Edmonds, aliyejulikana kama Franklin Thompson, alipata malaria, akaona kulazwa hospitalini ni kujifichua, akatoroka jeshi mwaka 1863; kwa miaka mingi faili lake lilisema "mtoro". Na Nadezhda Durova wa Urusi aliponzwa na kalamu yake. Alitoroka nyumbani mwaka 1806, akaacha nguo zake za kike kando ya mto ili wadhani amezama, akaingia wapanda farasi. Kisha akaona vibaya kwa ajili ya baba yake, akamwandikia kumtuliza. Barua ile ikazua ombi la familia yake, ombi likafika kwa mfalme. Aleksanda wa Kwanza alimwita, akamhoji, akampa nishani na akamruhusu kubaki jeshini kwa jina la kiume alilompa mwenyewe, Aleksandrov. Akapigana Borodino mwaka 1812 dhidi ya Napoleon. Baadaye aliandika kumbukumbu zake akajifanya alitoroka akiwa msichana tu. Ukweli ni kwamba aliacha mume na mtoto wa kiume. Ndiyo maana nasema karatasi za pensheni ni bora kuliko kumbukumbu za mwenyewe.

Usifikiri kila jeshi liliwafukuza walipojulikana. Huko Brazili, katika vita ya uhuru ya 1822 na 1823, Maria Quitéria alijiunga kwa nguo na jina la shemeji yake. Baba yake akaja mbio kambini kumchongea, akitegemea atapewa binti yake arudi naye. Kamanda akakataa kumwachia, kwa kuwa alikuwa hodari wa bunduki. Wakamshonea kijisketi cha kuvaa juu ya sare, mambo yakaendelea, na mfalme Dom Pedro akamvisha nishani.

Lakini ninayempenda zaidi, nakiri, ni Milunka Savić wa Serbia. Katika vita za Balkani za 1912 na 1913, ndugu yake aliitwa jeshini; akanyoa nywele, akaenda yeye. Alipigana bila kujulikana mpaka alipojeruhiwa na kufikishwa kwa madaktari, mwaka 1913. Kamanda alijikuta na tatizo: huyu ni mmoja wa askari wake bora, na hapaswi kuwapo. Akampa njia ambayo kwake ilikuwa ya hisani: ahamie upande wa wauguzi. (Samahani, mwanangu, ndivyo walivyofikiri: mwanamke vitani ni wa bandeji.) Savić akasimama wima, akasema atatumikia pale tu atakapobeba silaha. Kamanda akasema atafikiri, atampa jibu kesho. Akajibiwa: nitasubiri. Akabaki amesimama hapo hapo, mguu sawa. Inasimuliwa kwamba ilichukua saa moja kamanda kuchoka, akamrudisha kwenye kikosi. Katika vita ya kwanza ya dunia hakuhitaji kujificha tena; alipata nishani za Serbia na za Ufaransa, pamoja na ile ya Légion d'honneur. Vita ilipokwisha alipata kazi Belgrade. Ya kufagia benki. Alifariki mwaka 1973.

Hapo tumefika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo penye swali lenyewe. Kujificha kambini lilikuwa jambo la miezi au miaka michache. Kuthibitisha baadaye kwamba ni wewe uliyepigana, hiyo ilikuwa kazi ya maisha. Sampson alihangaika miaka mingi. Mwaka 1804 Paul Revere, yule mfua fedha maarufu wa Boston, alimwandikia barua ya kumwombea, na mwaka uliofuata akapata pensheni ya taifa. Edmonds alilazimika kuwatafuta askari wenzake waje kusema "ndiye yeye", na Bunge likampa pensheni mwaka 1884. Cathay Williams, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani Missouri, alijiandikisha mwaka 1866 kama William Cathay akatumikia karibu miaka miwili katika kikosi cha watu weusi. Alipoomba pensheni akiwa mgonjwa, alinyimwa.

Na Albert Cashier. Alizaliwa Ireland akiitwa Jennie Hodgers, akahamia Marekani, akapigana miaka mitatu katika kikosi cha 95 cha Illinois. Vita ikaisha, naye hakurudi kwenye gauni. Aliishi Illinois kama mwanamume, akafanya kazi za mikono, akapiga kura miaka ambayo wanawake hawakuruhusiwa, akapokea pensheni yake. Mwaka 1911 gari lilimvunja mguu. Daktari akajua, akanyamaza. Akapelekwa kwenye nyumba ya maveterani, na huko pia walitunza siri kwa muda. Alipohamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 70, wahudumu wakamlazimisha kuvaa sketi. Mzee aliyevaa suruali miaka 50 hakujua kutembea na sketi. Alianguka akavunjika nyonga. Ofisi ya pensheni ikaanza uchunguzi: isije ikawa huyu ametapeli jina la mtu. Ndipo wazee wa kikosi chake wakaitwa, mmoja mmoja, wakaapa kwamba huyu ndiye Cashier waliyetembea naye, mfupi, mkimya, asiyeogopa. Walishangaa kusikia habari za mwili wake, lakini hawakumkana. Pensheni ikabaki. Mwaka 1915 alizikwa na sare yake, kwa heshima za kijeshi.

Huyu, na Dakta James Barry aliyekuwa mkuu wa hospitali katika jeshi la Uingereza, siwaweki kirahisi katika kapu la "waliojificha ili wapigane". Barry alizaliwa Ireland akapewa jina la Margaret, akasomea udaktari Edinburgh wakati wanawake hawakupokelewa, na mwaka 1826 kule Cape Town akampasua mama mjamzito, mama na mtoto wakapona wote wawili, jambo lililokuwa nadra sana enzi hizo. Mtoto akapewa jina lake. Barry aliishi kama mwanamume zaidi ya miaka 50, na aliyegundua ni mama aliyeuosha mwili wake mwaka 1865. Vita ya miaka mitatu unaweza kuieleza kwa mshahara. Maisha mazima ni jambo jingine, na sioni kwa nini sisi tuwe na haraka ya kuwasemea.

Sasa kwetu. Hapa kaka yako anakaribia kuwa na haki, ingawa si kwa sababu anayodhani. Ili mtu ajifiche, lazima kwanza kuwe na mlango unaomkataza. Majeshi ya Ulaya na Marekani yalikuwa na mlango huo na mlinzi wake. Ufaransa ya mapinduzi ilitoa sheria Aprili 1793 kuwaondoa wanawake jeshini, wabaki wafuaji nguo na wauza vinywaji tu. Pengi Afrika hapakuwa na mlango huo kwa sura ile. Dahomey, Benin ya leo, ilikuwa na vikosi vya wanawake waliopigana kama wanawake mchana kweupe, na Wafaransa walikutana nao uso kwa uso katika vita ya 1892 hadi 1894. Malkia Nzinga wa Ndongo na Matamba, jirani zetu wa Angola, alipigana na Wareno kwa miongo kabla ya kufanya amani nao miaka ya 1650; alikufa mwaka 1663. Akivaa kiume, alivaa kama mfalme, kila mtu akijua ni nani. Na karibu zaidi, mpakani mwa Rwanda na Uganda, mama aliyeitwa Muhumuza aliongoza watu wa Nyabingi, wafuasi wa mzimu wa jina hilo, dhidi ya wakoloni mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1911.

Force Publique, jeshi la kikoloni, ilipoletwa Kongo na watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, ililetwa na mlango wa Ulaya: askari ni mwanamume, anatumikia miaka 7. Lakini wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma, wenye maandishi "mke wa askari". Makambi yalijaa familia. Askari wa Wajerumani upande wa pili walifanya vile vile: katika vita ya 1914 hadi 1918 wake zao walitembea nyuma ya safu, wakibeba vyombo na watoto, wakipika, wakizaa njiani. Mwaka 1916 safu ya Olsen, kamanda wa jeshi la Wabelgiji, ilivuka Ruzizi hapa kwetu kuelekea Usumbura (Bujumbura ya sasa), na Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Vitabu vinataja wapagazi zaidi ya 200,000 wa upande wa Wabelgiji katika vita ile, na wanahesabu wanaume. Unga waliokula ulitwangwa na nani? Unapita kila siku karibu na Kambi Saio; jina hilo ni la mji wa Ethiopia ambako askari Wakongomani waliwashinda Waitaliano Julai 1941. Majina ya maofisa Wabelgiji wa siku hiyo yanapatikana kwa urahisi. Jaribu kutafuta jina la mama mmoja tu wa kambi za Force Publique.

Mwaka 1964, waasi walioitwa Simba walipovamia Bukavu na kanali Mulamba wa jeshi la serikali akaushikilia mji, kulikuwa na kizuizi cha aina nyingine kabisa. Dawa ya Simba, ya kujikinga na risasi, ilikuwa na miiko, na mmoja mkubwa ni kutomgusa mwanamke kabla ya mapigano. Lakini mmoja wa wapika dawa wao maarufu kuliko wote alikuwa mwanamke, Mama Onema. Katika jeshi kama hilo mwanamke hakuhitaji kujifanya mwanamume: alikuwa ama mwiko, ama mwenye dawa.

Na vita za tangu 1996, ambazo wewe umezaliwa ndani yake. Wasichana wa Kivu walioishi na makundi yenye silaha, wengi wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, hawakumdanganya mtu. Kila mmoja porini alijua ni wasichana. Walibeba risasi, walipika, walipeleleza, wengine walishika bunduki, na wengi walifanywa wake kwa lazima. Kisha zikaja programu za kuwarudisha wapiganaji uraiani, kuanzia 2004, na mara nyingi kamanda aliwatoa wavulana akabaki na wasichana akisema hawa ni wake zetu, si askari. Wengine walitoroka wenyewe wakarudi nyumbani usiku bila karatasi yoyote, kwa kuwa karatasi ya kwamba ulikuwa mpiganaji, kwa msichana, ni aibu mtaani: nani atamwoa? Wanawake wa Marekani niliokusimulia walificha kwamba ni wanawake ili wahesabiwe askari. Hawa wetu walifichwa uaskari wao kwa sababu walikuwa wanawake, na mara nyingi waliouficha ni watu wengine. Nafikiri hilo lina uzito kuliko picha iliyozunguka kwenye simu zenu, na linaweza kuwa na mashahidi walio hai mtaani kwenu.

Kwa hiyo darasani, ukitaka kumnyamazisha mbishi, anza na faili la Cashier, kwa sababu lina mashahidi walioapa. Ukitaka kufanya kitu ambacho hakijafanywa, tafuta bibi aliyeishi kambini na mumewe. Wanafunzi wangu huwa wanaanza vibaya: wanamuuliza "bibi, ulikuwa askari?", anacheka, anasema hapana, mazungumzo yanaisha. Muulize mlitembea kutoka wapi hadi wapi. Ulibeba nini kichwani, na mtoto alikuwa mgongoni kwa nani. Risasi zilipolia ulilala wapi. Nani alifunga majeraha. Mume alipokufa, kambi walikupa siku ngapi uondoke, na ulipewa karatasi gani. Andika kwa maneno yake, kwa Kishi, lugha ya Bashi wa hapa, kama anazungumza Kishi, na usimwandike jina mpaka akuruhusu.